Mboji kwanza, chumvichumvi baadaye

Masika yaliyopita nilipita shamba moja la michungwa Ndijani, huku Unguja. Mwenyewe alikuwa ametia yurea, mbolea ya chumvichumvi ya dukani yenye nitrojeni, jana yake, konzi mbilimbili chini ya kila shina, na usiku ule mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Niliporudi baada ya wiki sita, majani yalikuwa manjano vilevile. Akaniambia, "Bwana shamba, mbolea za siku hizi feki." Nikachota udongo nikaufinya kiganjani; ukamwagika wote kama mchanga wa pwani.

Mbolea haikuwa na kosa. Kichanga chetu hakina cha kuishikilia, na nitrojeni ikishayeyuka hufuata maji chini kusikofika mizizi. Mboji ndiyo inayoishika: hunywa maji kama sifongo, ikauachia mti chakula kidogokidogo.

Lakini wapo pia wanaosema mboji inatosha peke yake. Tufanye hesabu. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Kuipata hiyo kwenye mboji unahitaji tani moja na zaidi, na sehemu kubwa yake haitoki msimu huo huo. Ng'ombe wawili na jaa la nyuma ya nyumba havilishi michungwa mia. Kwa hiyo changanya, ila si siku moja.

Tia mboji mvua za kwanza zinapoanza, mwezi wa Machi: madebe mawili mpaka matatu kwa mti uliokwisha kuzaa. Mishokishoki ipate baada ya kuvuna na kupogoa. Ngoja wiki mbili au tatu, kisha tia NPK (mbolea ya dukani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) udongo ukiwa na unyevu na mbingu imetulia kidogo. Mche wa mwaka wa kwanza, gramu 200 kwa mwaka mzima zinatosha. Ongeza kiasi hicho kila mwaka mpaka ufikie kilo moja na nusu hivi. Gawa mara mbili, nusu masika na nusu vuli. Pima mara moja kwa mizani ya dukani, halafu tia alama kwenye kopo lako. Konzi za watu hazilingani.

Mahali pa kutia ndipo wengi wanapokosea. Simama shambani saa sita mchana, utazame kivuli cha mti kinapoishia. Mizizi inayokula iko zaidi kuelekea ukingo huo, wala si shinani. Nyunyiza kwa duara, kwatua juujuu tu, maana mizizi hiyo iko karibu na uso wa ardhi, halafu funika kwa majani ya mgomba. Mboji iliyorundikwa shinani huozesha gome.

Samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza, basi iache ioze mpaka harufu kali iishe. Unga wa mbao mbichi ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani: vijidudu vinavyouozesha hunyang'anya nitrojeni ya mti, ukaona mti unakonda ilhali umeulisha. Na majivu, tunayoyapenda sana, usiyachanganye na yurea, maana nitrojeni hupotea hewani. Siku ya majivu iwe mbali na siku ya yurea.

Wenzetu wa uwandani, kwenye mawe ya matumbawe, wana jambo lao. Tazama majani kabla ya kununua mfuko. Yakianza manjano yale ya zamani, ya chini, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Yakiwa manjano machanga ya juu, na mishipa bado kijani, mara nyingi ni chuma, ambacho chokaa ya mawe inaufanya mti ushindwe kukichukua. Hapo yurea haisaidii kitu. Jaza mboji kwenye vishimo vyenye udongo baina ya mawe, na jani ukalionyeshe kwa bwana au bibi shamba wa shehia yako kabla hujatoa pesa.