Meza ya vilima au ubao wa vyumba: namna ya kuchagua uwanja wa mchezo wa vita

Unataka kutengeneza uwanja wa mchezo wa vita, ule wa kuchezwa mezani kwa askari wadogo au vipande? Kabla hujashika msumeno, jiulize wachezaji wako watabishania nini. Kama watabishania nani anamwona nani, ukuta una kimo gani na kichaka kile kinaficha watu wangapi, jenga mandhari: vilima, miti na nyumba za kushikika. Kama watabishania chakula kitafika lini, nani katangulia kituoni na kikosi kinatembea umbali gani kwa siku tatu, chora ubao wa vyumba, yaani ramani iliyogawanywa vyumba vidogo ambavyo kikosi husogea kimoja baada ya kingine. Mimi ni seremala hapa Tabora, natengeneza vitanda na makabati ya mninga, na jioni karakana yangu inageuka uwanja wa michezo ya vita tunayoitunga wenyewe kutokana na historia ya huku kwetu. Wengi wanaokuja kutaka meza huanza na "Fundi, nataka yenye milima." Nami huwauliza kwanza: ni vita gani?

Chukua vita vya mtemi Isike wa Unyanyembe, nchi ya huku Tabora. Wajerumani walimshambulia mwaka 1892 wakashindwa, wakarudi Januari 1893 wakiongozwa na Tom von Prince. Boma lilipovunjwa, Isike aliona heri alipue ghala la baruti akiwa humo humo kuliko kukamatwa. Shambulio lile lilihusu boma moja na viunga vyake, kwa hiyo ukuta ndio mchezo wenyewe. Anayeshambulia anataka kujua akiwa wapi mzinga wake utalipata lango. Anayetetea anataka kujua kila tundu la bunduki linaona nini. Ukitaka kuyaeleza hayo kwa vyumba utaandika kurasa nzima za kanuni, kumbe jicho linayamaliza mara moja. Mezani kwangu mchezaji anachuchumaa mpaka jicho lake liwe usawa na askari wake, kisha tunavuta uzi kutoka kwenye bunduki hadi kwenye shabaha. Uzi ukigusa ukuta, hakuna risasi. Ubishi umekwisha.

Mandhari hayahitaji vifaa vya kuagiza ng'ambo. Boma nalijenga kwa kadibodi ya maboksi, tabaka tatu au nne zilizogandishwa pamoja, halafu nachanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, napaka kwa kisu butu. Ikikauka inapasuka nyufa ndogo ndogo na kupata ukwaruzo wa ukuta wa udongo hasa. Rangi ya maji ya kahawia ukiifuta kwa kitambaa kabla haijakauka inabaki ndani ya nyufa tu, na hapo ndipo ukuta unapopata uhai. Askari wangu wana kimo cha sentimita 3, kwa hiyo ukuta wa mita 3 unakuwa na sentimita 5 na kidogo. Miti ni waya uliosokotwa na sponji ya godoro iliyochanwachanwa. Mawe okota: kokoto za majabali ya huku zinafanana na majabali yenyewe kuliko chochote utakachokichonga.

Mambo mawili yaangalie sana. Lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni ni zuri kwa vilima, lakini rangi ya kupuliza huliyeyusha. Lipake rangi ya maji tu. La pili, vilima vijenge kwa ngazi, tabaka juu ya tabaka. Mteremko laini unapendeza machoni, ila askari hasimami juu yake, na mchezo ambao askari wanaanguka kila mtu akigusa meza hauchezwi mara ya pili. Na usigandishe kitu chochote mezani. Kilima kikiwa huru, wiki hii kinakuwa Unyanyembe na wiki ijayo kinakuwa kwingine.

Wenzangu wa Kigoma wanapenda vita vya Waingereza na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika vya 1915 na 1916, na hapo ndipo mbao zinapoharibiwa bure. Ziwani hakuna kilima cha kujificha. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo ndiyo MV Liemba ya leo, ina urefu wa mita 71. Kwa kipimo cha 1:600, yaani sentimita moja ya mezani ni mita 6 za kweli, inakuwa sentimita 12, inakaa vizuri mkononi. Zile boti mbili za Waingereza zilizopewa majina ya Mimi na Toutou zilikuwa na urefu wa mita 12 kila moja, yaani sentimita 2 tu. Sasa lipime ziwa lenyewe kwa kipimo hicho hicho: upana wake wa wastani ni kama kilomita 50, kwa hiyo ungehitaji meza ya mita 83. Ndiyo maana kwenye mchezo wa meli kipimo cha vyombo na kipimo cha umbali lazima vitengane, na wachezaji waambiwe hivyo tangu mwanzo, la sivyo kuna mtu atapima masafa ya mzinga kwa urefu wa meli.

Kwa ziwa mimi nashauri kitambaa cha bluu kisicho na mstari wowote, na futikamba. Sababu yake ni Kingani, boti ya Wajerumani iliyotekwa Desemba 26, 1915. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu. Ukicheza na boti ya namna hiyo, pembe ambayo omo umeelekea ndiyo inayoamua ufe au upone, na adui mwenye boti yenye kasi atahangaika kukaa nyuma yako. Ubao wa vyumba vya pembesita unakupa pande sita za kuelekea, basi. Kitambaa kinakupa pembe yoyote. Kata kipimapembe kikubwa cha kadibodi, weka kanuni kwamba kila zamu chombo kinageuka nyuzi kadhaa tu kulingana na kasi yake, na utaona watu wazima wanavyoinama juu ya kitambaa bila kusema neno.

Kampeni ya 1916 ya nchi kavu, Wabelgiji dhidi ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ni jambo jingine kabisa. Wabelgiji waliichukua Kigoma Julai 28, wakasonga kufuata reli huku vikosi vyao vingine vikishuka kutoka kaskazini, na Tabora ikaanguka Septemba 19. Kutoka Kigoma mpaka hapa kwa reli ni kama kilomita 400. Hakuna meza inayobeba hilo kwa mandhari, na hata ingekuwepo, mti mmoja uliosimamishwa mezani usingemwambia mchezaji kitu chochote kuhusu njaa ya wapagazi au upana wa mbuga za mto Malagarasi. Hapa chora ubao. Ukisema kila chumba ni kilomita 20, safari ni vyumba 20. Ukisema kila zamu ni siku 3, zamu 18 zinatosha kwa kampeni nzima. Hesabu inakaa kichwani bila karatasi.

Kuna mzee mmoja mstaafu wa reli anayekuja kututazama. Aliuangalia ubao wetu kwa muda, akaweka kidole juu ya mstari wa reli, akauliza, "Mwanangu, hii gari moshi itajaza maji wapi?" Tukatia doa la bluu kila baada ya vyumba vitatu vya reli, na kanuni kwamba treni isiyopita kwenye doa inasimama. Tangu hapo vituo vya maji vinagombewa kuliko Tabora yenyewe. Ubao una uwezo huo: swali jipya linaingia kwa doa moja la rangi.

Kwa nini pembesita na siyo miraba ya drafti? Kwenye mraba, ukienda kona kwa kona unatembea umbali wa mara 1.41 ya ule wa kwenda upande kwa upande, na kila mmoja unahesabiwa hatua moja. Jeshi linalokata kona linapata kilomita za bure. Kwenye pembesita majirani wote sita wako umbali ule ule kutoka katikati. Michezo ya kampuni ya Avalon Hill ya Marekani iliingiza pembesita mwaka 1961, na mpaka leo zinatumika. Mabishano ya kuchagua uwanja ni ya zamani zaidi ya hapo: huko Prussia, dola la Ujerumani ya zamani, Reisswitz baba alimtengenezea mfalme meza yenye vipande vya ardhi vya plasta mwaka 1812, na mwanawe mwaka 1824 akauhamishia mchezo kwenye ramani za kipimo cha 1:8000. Baba na mwana, mchezo mmoja, nyanja mbili.

Kuuchora ubao wa pembesita ni kazi ya jioni moja ukiwa na kigezo. Kata pembesita moja ya plaiwudi yenye upande wa sentimita 3. Upana wake kutoka upande bapa hadi upande bapa utakuwa sentimita 5.2. Safu za wima zipishane kwa sentimita 4.5, na kila safu ya pili ishuke kwa sentimita 2.6. Nusu ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, yaani futi 4 kwa 4, inatoa safu 26 za vyumba 22. Kabla ya kuchora, geuza kigezo ili safu zilizonyooka zifuate njia kuu ya vita vyako. Kwetu ni reli. Anayetembea kukata safu hizo atakwenda zigizaga, na ni afadhali zigizaga impate anayepita porini. Vipande vya kuchezea ni visoda: bandika duara la karatasi ndani yake, andika nguvu na mwendo wa kikosi. Wachezaji wa drafti wanauzoea siku hiyo hiyo.

Wanaotaka vyote viwili huniomba mandhari yaliyochorwa vyumba juu. Inawezekana, lakini mistari huua ukuta ule niliousifu. Ninachofanya ni kutoboa nukta ndogo katikati ya kila chumba, bila mistari. Macho yanaona kilima, mkono unahesabu nukta.

Kama ndiyo kwanza unaanza na huna chumba cha kuachia vitu, anza na ubao. Ukate katikati kabla ya kuchora, uunge kwa bawaba mbili, ukunje na kuusimamisha nyuma ya kabati. Mandhari yanataka rafu yake, iliyoachana na ukuta na miguu yake imepakwa oili chafu, kwa sababu mchwa wa huku wanapenda kadibodi yenye gundi.