Simu moja dirishani, kompyuta mbili ndani

Nyumba yetu ya Mbagala imeezekwa bati, na 4G inashika vizuri mahali pamoja tu: dirisha la sebuleni, simu ikiegemezwa kwenye nondo. Kompyuta ya mezani ninayofanyia kazi za steshenari, yaani kuchapa, kuprinti, kuskani vyeti na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB au ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal, iko chumba cha nyuma na haina waifai. Laptopu ya mdogo wangu ndiyo inayokaa sebuleni. Mafundi watakwambia ununue ruta ya laini. Ruta ni kitu kizuri, kama hela ipo. Ila laptopu ya Windows inaweza kupokea intaneti ya simu upande mmoja na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili kwa waya upande mwingine, na kinachokosekana hapo ni huo waya tu.

Kama kompyuta zako zote mbili zina waifai na mtandao unashika kila kona ya nyumba, washa hotspoti ya simu uendelee na shughuli zako. Yanayofuata ni ya wenye shida kama yangu.

Waya wenyewe ni wa mtandao, aina ya Cat5e, wenye vichwa vya plastiki vya RJ45 ncha zote mbili. Kariakoo unakatiwa kwa mita na fundi anabana vichwa. Pima njia yake kwa kamba kwanza, ukifuata ukuta na kona zote, kisha ongeza mita mbili tatu, macho hudanganya. Urefu usikutie wasiwasi, maana waya huu unafika hadi mita 100. Wasiwasi uwe wa kilichomo ndani. Mwambie muuzaji akuchunie ncha, chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitoa weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hiyo ukiikunja mara chache kwenye kona ya mlango inakatikia ndani kwa ndani huku gamba la nje likionekana zima. Utaitafuta shida kwenye kompyuta wiki nzima kumbe iko mlangoni.

Fundi akibana vichwa, simama umwangalie. Rangi zifuatane hivi ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zamani, kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja kulitaka waya maalumu uliopishanishwa rangi. Kadi za mtandao za siku hizi zinajipanga zenyewe. Na kama laptopu yako ni zile nyembamba zisizo na tundu la waya, kuna adapta ya kuchomeka kwenye USB.

Ukishapitisha waya, chomeka simu kwenye laptopu kwa USB, ingia setingi za simu, sehemu ya hotspoti, uwashe kusambaza mtandao kwa USB (USB tethering). Naipenda njia hii kuliko hotspoti kwa sababu simu inachaji hapo hapo. Kisha chomeka waya wa mtandao pande zote mbili, kompyuta zikiwa zimewaka. Kwenye matundu mengi kuna vitaa vidogo pembeni. Vikiwaka, kompyuta zimeonana.

Sasa kaa kwenye laptopu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, gonga Enter. Itafunguka orodha ya miunganisho. Mmoja ni wa simu, mara nyingi umeandikwa Remote NDIS chini yake. Mwingine ni wa tundu la waya. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: tiki inawekwa kwenye muunganisho unaoleta intaneti, si kwenye ule unaoipeleka chumbani. Kwa hiyo bofya kulia juu ya ule wa simu, chagua Properties, nenda kwenye Sharing, tia tiki kisanduku cha juu. Ukiona chini yake orodha ya kuchagua, teua tundu la waya. Kisanduku cha pili kinampa aliye kwenye kompyuta nyingine uwezo wa kuuzima mtandao. Mdogo wangu alikitoa tiki haraka sana, na mpaka leo hajanieleza kwa nini.

Windows itakwambia kuwa tundu la waya litapewa anwani 192.168.137.1. Kubali. Kuanzia hapo laptopu ndiyo inayoigawia kompyuta ya pili anwani, na kila kitu kinachoombwa kule nyuma kinapitia kwake.

Kwenye kompyuta ya mezani kazi ni ndogo. Fungua ncpa.cpl vile vile, ingia Properties za tundu la waya, bofya mara mbili IPv4, na uhakikishe anwani na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) zote zimeachwa zijipatie zenyewe. Kompyuta ya mtumba unaweza kuikuta bado ina namba za ofisi ilikotoka, zifute.

Kupima, kwenye kompyuta hiyo hiyo bonyeza tena Windows na R, andika cmd, gonga Enter, na kwenye dirisha jeusi linalofunguka uandike ipconfig. Anwani ikianza na 192.168.137, mambo safi. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imekosa wa kuipa anwani ikajipa yenyewe, kwa hiyo rudi ukaangalie waya na ile tiki. Kisha andika ping 8.8.8.8, anwani ya Google ya kupimia kama intaneti inafika. Ikijibu lakini kurasa hazifunguki, tatizo ni DNS: rudi kwenye IPv4, acha anwani kama ilivyo, andika 8.8.8.8 sehemu ya DNS peke yake.

Sasa tuje kwenye bando, maana ndilo linalouma. Kompyuta ya mezani haijui kwamba nyuma ya waya kuna simu. Inaona waya, inadhani iko ofisini kwenye intaneti isiyo na kipimo, na inaanza kushusha masasisho ya Windows ambayo yanaweza kufika GB kadhaa. Kabla hujafungua ukurasa wowote, nenda Settings, Network & Internet, Ethernet, uwashe Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri, na OneDrive itatulia. Haitamzuia mtu kuangalia YouTube, hilo ni la kuzungumza wenyewe nyumbani.

Kuna kero moja ya Windows 10: ukizima laptopu na kuiwasha, tiki bado ipo lakini mtandao hauendi. Dawa ya haraka ni kutoa tiki, kubonyeza OK, na kuirudisha. Dawa ya kudumu ina sehemu mbili. Kwanza, kwa Windows na R vile vile kwenye laptopu, fungua services.msc, tafuta Internet Connection Sharing, uiweke Automatic. Pili fungua regedit, panapohifadhiwa mipangilio ya ndani ya Windows, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, utengeneze DWORD (aina ya thamani ya namba) yenye jina EnableRebootPersistConnection na thamani 1. Andika jina hilo herufi kwa herufi. Kama regedit inakutisha, baki na ile ya tiki, haina ubaya.

Simu nayo ichomeke tundu lile lile la USB kila siku. Ukibadilisha tundu, mara nyingine Windows huiona kama muunganisho mpya na tiki inabaki kwenye ule wa zamani. Laptopu pia isiruhusiwe kulala ikiwa kwenye chaji, wala ikifunikwa, maana ikilala na chumba cha nyuma kinakatika katikati ya fomu ya mtu. Umeme ukikatika, laptopu na simu zinaendelea kwa betri zake. Ukirudi, kompyuta ya mezani inawaka na kukuta mtandao unaisubiri.

Waya huo huo unabeba na kazi za printa. Kwenye kompyuta ya mezani weka mtandao wa waya uwe Private, bofya kulia printa, chagua Printer properties, Sharing, tia tiki. Sasa mdogo wangu anaprinti akiwa sebuleni. Karatasi ananunua mwenyewe.