Maboksi matatu, laptopu moja: namna ya kuchagua SSD yako ya kwanza

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kwenye meza yangu ya ufundi hapa Ngamiani, Tanga, akafungua simu na kunionyesha picha tatu za SSD (diski inayotunza mafaili kwenye chipu) alizopiga madukani: Samsung 870 EVO, Crucial BX500 na Kingston A400. "Fundi, zote zimeandikwa zinakimbia. Nichukue ipi?"

Nikamwambia, "Mwalimu, maboksi tuyaache kidogo. Tufungue laptopu kwanza."

Na wewe anzia hapo, maana SSD nzuri isiyoingia kwenye mashine yako ni hela iliyolala. Yake ilikuwa ThinkPad T450. Ndani mna diski ya inchi 2.5, unene milimita 7, inayotumia njia ya SATA (namna diski inavyozungumza na laptopu), na zile tatu za kwenye picha zote zinaingia pale bila shida. (T450 ina betri mbili, moja imefichwa ndani. Izime kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kabla bisibisi haijagusa kitu.) Laptopu za karibuni nyingi hutumia kijikadi chembamba cha M.2, na hapo ndipo watu wengi huumia. Namba 2280 inayotajwa kwenye kadi hizo maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80 tu, haikuambii njia. Kadi mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja ikawa ya SATA na nyingine ya NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na tundu linalokubali SATA peke yake halitaiona kabisa ile ya NVMe. Tafuta mwongozo wa modeli yako kamili, usome inakubali nini.

Sasa mwendo. Kwenye maboksi yale kasi ya kusoma ni MB 500 kwa sekunde kwa Kingston, 540 kwa Crucial, 560 kwa Samsung. Mwalimu alikuwa ameziandika kwenye daftari na kuzipigia mstari. Kwa kazi yake ya kuandaa mitihani na kujaza alama hataiona tofauti hiyo, kwa sababu SATA yenyewe ina dari lake na zote tatu zimeshalikaribia. Tofauti atakayoiona ni ya kuachana na diski ya zamani, ambayo kichwa chake cha kusomea hurukaruka juu ya sahani inayozunguka kikitafuta vifaili vidogo vilivyotawanyika huku na huku. SSD haina kinachozunguka. Ndiyo maana laptopu iliyokuwa inakupa muda wa kunywa chai ikiwaka, sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Ila kama una RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 4 na unafungua kurasa ishirini za intaneti kwa pamoja, nakuambia mapema kwamba SSD peke yake haitakuokoa.

Basi kama mwendo ni mmoja, tazama waranti, na tazama TBW, yaani jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali uziandike waranti ikiwa bado hai. Samsung 870 EVO ina miaka 5, na ile ya GB 500 ina TBW 300. Hizo nyingine mbili zina miaka 3, na kwa GB 480 Crucial inatoa 120, Kingston 160. Usiogope namba ndogo. Hata TBW 80, ukiandika GB 20 kila siku, utaimaliza baada ya siku 4,000, karibu miaka kumi na moja. Pia 870 EVO ina chipu ya DRAM, kumbukumbu ndogo ya haraka, ndani yake, hizo mbili hazina, kwa hiyo ukizimwagia faili kubwa mfululizo zinaweza kupungua mwendo. Anayehariri video namshauri aongeze hela achukue EVO. Mwalimu hakuwa na haja hiyo.

Ukubwa wasikudanganye: ya GB 480 Windows itaionyesha kama 447 hivi, kwa namna inavyohesabu, hujaibiwa. Mimi simshauri mtu achukue ya GB 120 tena. SSD ikijaa hadi shingoni huchoka, iachie nafasi.

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja SSD ya "TB 1" niliyoipata kwa bei ya kutupa. Ilikuwa feki. Chipu ndogo imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake, na nafasi ya kweli ikiisha inaandika juu ya vitu vya zamani. Mama wa watu akapoteza picha za harusi ya binti yake. Fedha nilimrudishia. Picha sikuweza. Tangu siku hiyo hakuna SSD inayotoka mezani kwangu bila kupita H2testw, programu ya bure inayoijaza yote kisha inaisoma tena, na CrystalDiskInfo, inayoonyesha imeshawashwa saa ngapi. Mpya ikionyesha saa elfu mbili, irudishe.

Kwa hiyo nilimrudisha mwalimu madukani na swali moja: nani atakubali kuandika kwenye risiti namba ya utambulisho iliyo kwenye stika, na kuipokea ikishindwa kipimo? Alikubali mmoja, mwenye Kingston ya 480. Tukachukua hiyo, na hela iliyobaki ikanunua mchele kilo tano.

Kuhamisha vilivyomo kwenye diski ya zamani, kuna Clonezilla, programu ya bure inayonakili diski nzima, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, na yake ya zamani ilikuwa ya GB 500. Nikamwekea Windows upya, nikanakili mafaili kwa waya wa USB. Diski ya zamani nilimfungia kwenye bahasha, nikamwambia asiifute hadi mitihani ya muhula iishe.