Chora unakili wa DNA ya bakteria bila kukosea mwelekeo

Andaa kalamu nyeusi ya DNA na nyekundu ya RNA. Tunafuata bakteria Escherichia coli, mwenye kromosomu moja ya duara yenye jozi za besi zipatazo milioni 4.6.

Shika kwanza mambo mawili: DNA polimeresi, kimeng'enya kinachojenga DNA, haiwezi kuanzisha uzi mpya yenyewe, na huongeza nyukleotidi (vijenzi vya DNA) kwenye ncha ya 3′ tu. Kila uzi una ncha mbili, 3′ na 5′, na nyuzi mbili za DNA hulala kinyume. Ugumu wote wa mchoro huu unatoka hapo.

1. Fungua duara. Weka alama mahali paitwapo oriC, unakoanzia unakili. Protini DnaA hujishika hapo na kuachanisha nyuzi kwenye eneo lenye besi A na T nyingi, kwa kuwa jozi hizo zina vifungo viwili vya haidrojeni badala ya vitatu. Kisha helikesi, kimeng'enya kinachotenganisha nyuzi, huingia na kuendelea kupasua kuelekea pande zote mbili. Utapata panda mbili, zenye umbo la mti wa manati.

2. Weka jairesi, kimeng'enya kinacholegeza msokoto, mbele ya kila panda. Kamba iliyosokotwa, ukiitenganisha kwa nguvu, hujikaza na kujikunja mbele. Jairesi hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande cha DNA katikati, kisha huunga. Dawa ya ciprofloxacin huinasa ikiwa imeshakata lakini haijaunga.

3. Chora praima. Kwa kuwa polimeresi haiwezi kuanza yenyewe, kimeng'enya praimesi huiandikia kianzio (praima): RNA fupi, nyukleotidi kama 10. Tumia nyekundu.

4. Chora nyuzi mpya. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Chora panda moja tu, ikisogea kulia. Kiolezo (uzi wa zamani unaonakiliwa) cha juu kiandike 3′ kushoto na 5′ kulia. Cha chini kinyume chake. Juu, polimeresi III (DNA polimeresi kuu ya bakteria huyu) inaifuata helikesi bila kukatika, nyukleotidi zipatazo 1,000 kwa sekunde. Chini, mshale lazima uelekee kushoto, yaani uipe panda mgongo. Kwa hiyo kila panda inapofunguka zaidi, praima mpya huwekwa karibu nayo, na vinatokea vipande vya Okazaki vya nyukleotidi 1,000 hadi 2,000. Kagua: kipande kilicho karibu na panda ndicho kichanga kuliko vyote. Kama kwako ndicho kikongwe, umegeuza mshale.

Polimeresi III ikiweka besi isiyolingana, hurudi nyuma, huikata, kisha huendelea.

5. Ondoa nyekundu. Polimeresi I hutoa RNA na kujaza DNA mahali pake. Inabaki nafasi ya kifungo kimoja tu, ambayo ligesi huiunga. Usiandike kwamba ligesi "hujaza pengo". Haiongezi hata nyukleotidi moja.

6. Piga hesabu. Milioni 4.6 gawanya kwa 2,000 kwa sekunde, maana panda ni mbili: sekunde 2,300, karibu dakika 38. Ukipata zaidi ya saa moja, umesahau panda ya pili.

Panda hukutana upande ulio mkabala na oriC. Duara mbili mpya hubaki zimepitana kama pete za mnyororo, na topoisomeresi IV huzitenganisha ili kila seli ichukue yake.