Namna ya Kulinganisha SDR na Kipokezi cha Kawaida katika Redio ya Ridhaa

Anayetaka kujua kama SDR, yaani redio ambayo kazi yake kubwa hufanywa na programu, inaweza kuchukua nafasi ya kipokezi cha kawaida mezani pake, asianze na orodha ya sifa iliyochapishwa kwenye boksi. Orodha hizo husifia upana wa masafa na uwezo wa kunasa ishara dhaifu, ilhali kinachotenganisha kipokezi kizuri na kibaya kwenye mawimbi mafupi ni uwezo wa kusikia kituo dhaifu wakati kituo chenye nguvu kinaunguruma jirani yake.

Tofauti inatokana na mahali uchujaji unapofanyika. Kipokezi cha kawaida kinafuata mfumo wa superhetirodaini aliobuni Edwin Armstrong mwaka 1918: huchanganya masafa yanayoingia na masafa kinayoyazalisha chenyewe, kikapata masafa ya kati yasiyobadilika, kwa mfano 455 kHz au 9 MHz, na hapo kichujio hupitisha kipande chembamba tu, kiasi cha 2.4 kHz kwa sauti ya SSB (njia ya kutuma sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi) au 500 Hz kwa Morse. SDR, kwa upande wake, hugeuza kipande kipana cha masafa kuwa namba kwanza, na programu huchuja baadaye. Kwa hiyo kila kituo kilichomo katika kipande hicho hufika kwenye kigeuzi cha dijitali, kiwe kinatakiwa au hakitakiwi.

Ndiyo maana idadi ya biti za kigeuzi ndiyo namba ya kwanza ya kuulizia. Kila biti huongeza takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu) kati ya ishara kubwa na ndogo kabisa ambazo kigeuzi kinaweza kuzibeba pamoja, hivyo biti 8 za vifaa vidogo vya USB vyenye chipu ya RTL2832U hutoa kama desibeli 50, na biti 14 hutoa kama 86. Programu hurejesha sehemu ya upungufu huo inapobana upana: kutoka 2.4 MHz hadi 2.4 kHz kuna nafuu ya desibeli 30. Hata hivyo, nafuu hiyo haisaidii chochote kigeuzi kikishafurika, yaani kikipokea ishara kubwa kuliko kinavyoweza kubeba.

Kwa ulinganishaji wa haki, tumia antena moja na swichi ya kuihamisha kutoka kipokezi kimoja hadi kingine ndani ya sekunde chache, kwa kuwa hali ya anga hubadilika, na kulinganisha usikivu wa asubuhi na wa jioni hakuna maana. Weka upana wa kichujio sawa pande zote mbili. Kisha chomoa antena na usikilize kelele, uirudishe na usikilize tena. Ikiwa kelele inapanda waziwazi antena inaporudi, kipokezi hicho kina uwezo wa kutosha wa kunasa ishara dhaifu katika bendi hiyo, na kukiongezea kikuza ishara kutaleta madhara zaidi kuliko faida. Kwenye bendi ya mita 40, yaani karibu 7 MHz, vipokezi karibu vyote hufaulu jaribio hili.

Jaribio lenye uzito zaidi ni la vituo vya uongo. Tafuta ishara unayoitilia shaka, kwa mfano muziki wa kituo cha utangazaji unaosikika katikati ya bendi ya ridhaa, kisha ingiza kipunguza nguvu cha desibeli 10 kati ya antena na kipokezi, AGC, yaani kidhibiti kinachosawazisha nguvu ya ishara chenyewe, ikiwa imezimwa. Ishara ya kweli itashuka kwa desibeli 10. Ishara iliyozaliwa ndani ya kipokezi kwa mwingiliano wa daraja la tatu, yaani vituo viwili vyenye nguvu vinapochanganyika na kuzaa ishara bandia, itashuka kwa takribani 30, na penye kigeuzi kilichofurika, uchafu uliojaa skrini nzima unaweza kutoweka kwa mara moja. Rudia usiku, vituo vya utangazaji vinaposhamiri. SDR ya bei nafuu ikishindwa hapa, usiitupe. Iwekee kwanza kichujio cha bendi mbele yake, kwa sababu mara nyingi hicho ndicho kinachokosekana.

Kuna mtego mwingine kwa vifaa vinavyochukua sampuli za masafa moja kwa moja, bila kuyabadilisha kwanza, kwa kasi ya 28.8 MHz. Masafa yaliyo juu ya 14.4 MHz hukunjwa na kurudi chini, hivyo ishara ya 14.6 MHz huonekana 14.2 MHz, katikati kabisa ya bendi ya mita 20. Usahihi wa kristali inayoongoza masafa ya kipokezi nao upimwe: kosa la sehemu 20 kwa milioni ni 2.9 kHz kwenye 145 MHz.

SDR inashinda bila ubishi pale unapotaka kuona. Bendi yote ya 7.0 hadi 7.2 MHz hutandazwa kwenye skrini, kituo kinachoita kwa sekunde chache huonekana hata kama hukuwa umeelekea huko, na bendi nzima inaweza kurekodiwa ili isikilizwe upya kituo kwa kituo. Kwa mazungumzo ya haraka ya Morse, napendelea kipokezi cha kawaida, kwa sababu kompyuta huchelewesha sauti na ugavi wake wa umeme huongeza kelele, ambayo vishikizo vya feraiti kwenye waya wa USB huipunguza bila kuimaliza. Redio kama Icom IC-7300, ambayo ni SDR ndani ya boksi lenye vitufe na visukani, huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Ukiamua kuvitumia vyote pamoja na kisambazaji, SDR itengwe na antena kwa relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kila unaposambaza. Wati 100 ni dBm 50, yaani desibeli 50 juu ya miliwati moja, na mlango wa SDR nyingi huharibika kwa nguvu iliyo chini mno ya hapo.