Kwenda kusoma Berlin: admisheni ndo sehemu rahisi, makaratasi na chumba ndo shughuli

Watu wengi wakiuliza habari za kusoma Berlin wanaanza na "chuo gani kizuri", sawa, lakini hilo ndo swali dogo kuliko yote. Humboldt, Freie Universität, TU Berlin, vyote vya serikali, na digrii ya kwanza na masta nyingi za kawaida hazina ada ya masomo hata kama unatokea Mbagala au Kisumu. Sio kama jimbo la Baden-Württemberg ambako mtu wa nje ya Ulaya analipa euro 1,500 kila semesta. Unacholipa Berlin ni mchango wa semesta, euro mia tatu na ushee hivi, na kwa kawaida tiketi ya usafiri imo humo humo. Kinachokwamisha watu ni makaratasi, maana kila karatasi inadai karatasi nyingine itangulie.

Anza na vyeti vyako. Kuna tovuti ya Wajerumani inaitwa anabin, ingia uangalie cheti cha nchi yako kinahesabiwaje, kwa sababu vyeti vingi vya sekondari vya kwetu havikuingizi chuo moja kwa moja, unaweza kuambiwa upitie Studienkolleg kwanza, ambayo kwa kawaida ni semesta mbili na mtihani mwishoni. Mwenye digrii ya kwanza tayari ana nafuu kubwa, masta za Kiingereza zipo nyingi, ila bachela za Kiingereza kwenye vyuo vya serikali ni za kutafuta kwa tochi. Maombi mengi yanapita uni-assist, taasisi inayopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo, chaguo la kwanza euro 75 na kila linaloongezeka semesta hiyo hiyo euro 30, kwa hiyo usitume kumi kwa kubahatisha. Semesta ya baridi inaanza Oktoba, dedlaini nyingi ni 15 Julai lakini masta nyingi zinafunga mapema zaidi, soma ukurasa wa kozi yenyewe usisikilize mtu wa WhatsApp.

Na ukisikia agenti anakutajia ada ya maelfu ya euro kwa Berlin, ujue anakupeleka chuo binafsi. Vipo vingi tu, sio haramu, ila uliza kwanza kama serikali ya huko inakitambua na kama agenti analipwa kamisheni (analipwa).

Sasa hela. Ubalozi unataka uoneshe utaishije mwaka mzima, na njia ya kawaida ni Sperrkonto, yani akaunti unayoweka euro 11,904 halafu inakuachia 992 kila mwezi ukishafika. Kiwango hiki wanakibadilisha mara kwa mara kwa hiyo hakiki kabla hujahamisha hela. Kama huna, ndugu anayeishi Ujerumani anaweza kukudhamini kwa maandishi serikalini, inaitwa Verpflichtungserklärung, lakini aisee muelezeni vizuri huyo ndugu maana ukikwama yeye ndo atadaiwa. Skolashipu ya DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi, nayo inakubalika, wana ofisi Nairobi, na ile yao inayoitwa EPOS ni ya watu wenye uzoefu wa kazi angalau miaka miwili, kwa hiyo kama umemaliza chuo jana subiri kidogo. Miadi ya viza itafute mapema mno.

Hapa kwenye chumba ndo nataka tukae. Ukifika unatakiwa kujiandikisha makazi, Anmeldung, ndani ya siku 14 tangu uhamie, na bila hiyo mambo mengi yanasimama: namba ya kodi, benki nyingi, mpaka kibali cha kuishi. Na huwezi kujiandikisha bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Kwa hiyo mtu akikupa chumba cha bei poa akasema "ila hakuna Anmeldung", hicho ni kitanda tu sio makazi, kitumie wiki mbili tatu huku unatafuta. Mabweni ya studierendenWERK Berlin, shirika la huduma za wanafunzi, ni bei nzuri lakini foleni ndefu, omba mara tu wanapokuruhusu. Vyumba vya kushea, wanaita WG, wengi wanapata kupitia tovuti ya WG-Gesucht, tuma ujumbe mrefu wa kujieleza, kwa Kijerumani ikiwezekana. Yule mwenye nyumba ambaye yuko London na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa diposit ni tapeli, kila siku ni tapeli.

Miadi ya Bürgeramt, ofisi ya kufanyia hiyo Anmeldung, ikigoma, usiangalie mtaa wako tu, ofisi yoyote ya Berlin inafaa, fungua tovuti asubuhi mapema watu wanapoghairi. Halafu bandika jina lako kwenye sanduku la barua! Mtu wa posta asipoliona anarudisha barua, na Ujerumani kila kitu kinakuja kwa barua. Moja itakuwa ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, gawaneni. Usiidharau eti huna tivii.

Kijerumani anza ukiwa nyumbani, Goethe-Institut ipo Dar na Nairobi. Darasani utapona na Kiingereza, ofisini na kwenye vibarua hutapona.

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, nunua koti huko huko, Jumapili maduka yamefungwa. Ukipata nafasi pita Brunnenstraße 193, kuna jiwe dogo la shaba la kumkumbuka Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar aliyefundisha Kiswahili Berlin akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Halafu nenda Museum für Naturkunde ukamuone mjusi wetu mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbuliwa kati ya 1909 na 1913, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Beba kitambulisho cha mwanafunzi upate punguzo, na usiende Jumatatu, wanafunga.