Jina la Ali linaposomeka Ø¹Ù„ÙŠ: kupatanisha usimbaji wa herufi kati ya programu na hifadhidata

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina herufi zenye alama, na kwa hiyo ofisi ya Unguja au Pemba huweza kutumia mfumo kwa muda mrefu bila ya kugundua kwamba programu na hifadhidata yake hazisomi baiti (namba zinazowakilisha herufi ndani ya kompyuta) kwa namna moja, yaani hazitumii usimbaji mmoja. Kasoro hujitokeza pale yanapoingizwa majina ya Kiarabu, tuseme orodha ya wanafunzi wa chuo cha Kurani huko Wete, na علي likasomeka Ø¹Ù„ÙŠ. Au pale neno ng’ombe lenye king’ong’o (alama ya ’) kilichopinda linapogeuka ngâ€™ombe.

Chukua kwanza nakala rudufu. Kisha usiiamini skrini, bali tazama baiti zenyewe. Katika MySQL, programu ya hifadhidata, amri ni hii, nayo huonyesha baiti kwa tarakimu za heksadesimali (0–9 na A–F):

SELECT HEX(jina) FROM wanafunzi;

Ukiona D8B9D984D98A, hizo ndizo baiti sahihi za علي katika UTF-8 (usimbaji unaobeba herufi za lugha zote), na kosa limo katika usomaji au katika seti ya herufi iliyotajwa kwenye safuwima. Ukiona C398C2B9C399E2809EC399C5A0, jina limesimbwa mara mbili (baiti za UTF-8 zilidhaniwa ni herufi za Kilatini, zikasimbwa tena kwa UTF-8), nalo linaokoleka. Ukiona 3F3F3F, hizo ni alama za kuuliza halisi. Herufi zimekwisha potea, na hapana amri itakayozirudisha isipokuwa kuandika upya kutoka kwenye daftari.

Mara nyingi mkosaji ni muunganisho (njia ambayo programu huongea na hifadhidata), ambao watu huusahau baada ya kurekebisha jedwali. Tekeleza SHOW VARIABLES LIKE 'character_set%', kisha iagize programu ifungue muunganisho kwa utf8mb4, jina la UTF-8 kamili katika MySQL. Katika lugha ya programu ya PHP, hiyo ni kazi ya mysqli_set_charset. Usichague utf8 tupu katika MySQL, kwani kwa desturi jina hilo huishia baiti tatu kwa herufi, na emoji huhitaji nne.

Majina yaliyosimbwa mara mbili hurekebishwa hivi, mara moja tu na kwa safu zilizoharibika peke yake:

UPDATE wanafunzi SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4) WHERE HEX(jina) LIKE 'C398%' OR HEX(jina) LIKE 'C399%';

Mwisho jaribu kuingiza ڤ, herufi inayotumika kuandikia sauti ya v katika Kiswahili cha hati za Kiarabu: Windows-1256, usimbaji wa zamani wa Kiarabu, haina herufi hiyo, kwa hiyo ikirudi salama, ni dalili kwamba usimbaji huo haumo tena njiani.